Mwanamke Aliyekataa Mtumbwi

Insha ya Simone Weil juu ya nguvu na vita ni fupi. Mtu huimaliza jioni moja. Niliisoma kwanza katika umri ambao msomaji hukubali kila kilichoandikwa vizuri, nami nikakubali yote. Nimeirudia mara kadhaa tangu hapo, na kila nikiirudia ubishi wangu nayo unaongezeka. Uwanja wa ubishi huo ni Nyangwe, ukingo wa kulia wa mto Lualaba, katika eneo la Kasongo, kusini mwa Maniema, mahali ambapo asubuhi moja ya mwaka 1871 watu mia kadhaa walikufa kwa sababu walikwenda sokoni.

Kwanza nimtendee haki mwandishi. Weil alizaliwa Paris mwaka 1909, akawa mwalimu wa falsafa, akafanya kazi kiwandani kwa hiari yake ili ajue maisha ya vibarua. Mwaka 1936 alikwenda Hispania kujiunga na wapinzani wa Franco. Hakukaa sana: aliungua mguu kwa mafuta ya kupikia, akarudishwa nyumbani. Miaka miwili baadaye alimwandikia mwandishi Georges Bernanos barua kuhusu aliyoyaona kule. Jambo lililomtisha kuliko milio ya risasi ni jinsi wenzake, watu aliowaheshimu, walivyokuwa wakisimulia mezani wamewaua wangapi, huku wakitabasamu, na hakuna aliyekunja uso. Kwa hiyo alipoanza kuandika juu ya Iliad, utenzi wa Wayunani wa kale kuhusu vita vya Troy, hakuwa mtu wa maktaba peke yake. Insha ilichapwa Marseille kati ya Desemba 1940 na Januari 1941, Ufaransa ikiwa imekwisha kushindwa na Ujerumani, na aliitia sahihi kwa jina la Emile Novis, kwani serikali ya Vichy ilikuwa imetunga sheria dhidi ya Wayahudi, naye alikuwa Myahudi kwa uzawa. Alifia Uingereza Agosti 1943, umri wake miaka 34.

Anachosema ni hiki. Shujaa wa utenzi ule si Achilles wala Hector. Ni nguvu yenyewe. Nguvu humgeuza binadamu kuwa kitu. Ikifika mwisho wake humfanya maiti, na hapo jambo ni wazi kwa kila mtu. Lakini inaanza kazi mapema zaidi. Mtu aliyeshikiwa silaha na asiye na pa kukimbilia amekwisha kuwa kitu ingawa bado anapumua. Naye mwenye silaha hasalimiki, maana nguvu humlewesha, akadhani ni mali yake, akavuka mpaka, na kesho yake ikamgeukia. Hakuna anayeimiliki. Inapita tu kutoka mkono hadi mkono.

Katika utenzi huo kuna kijana, Lycaon, asiye na silaha, ambaye anamshika Achilles magoti akimsihi asimuue. Achilles anamuua, anamtupa mtoni, kisha anaendelea kuua wengine humo humo majini mpaka mto Scamander, uliosongwa na maiti, unakasirika, unafurika na kumkimbiza muuaji. Weil anakaa sana juu ya kijana yule aliyepiga magoti. Mimi hunijia mto. Lualaba haukumkimbiza mtu.

Nyangwe ya mwaka 1871 ilikuwa kituo cha wafanyabiashara kutoka pwani, mbali kuliko vituo vyao vingi, na gulio lake lilifanyika kila siku ya nne. Msafiri na mmisionari David Livingstone alifika mwishoni mwa Machi mwaka huo, baada ya kulala miezi mingi Kabambare na vidonda vya miguu. Alikuwa akiamini Lualaba ndiyo mwanzo wa Nile, na alitaka mtumbwi wa kuvukia ili aufuate. Hakuupata. Kwa hiyo alikaa, na asiyekuwa na la kufanya huenda sokoni. Shajara zake za miezi ile zimejaa gulio: wanawake wanaofika na vikapu vizito kichwani, wengi wakiwa wamevuka kutoka ng'ambo ya kushoto, samaki wabichi na wakavu, mihogo, chumvi, pilipili, mafuta ya mawese, kumbikumbi, konokono, vyungu, vitambaa vya majani, kuku. Aliwahi kukadiria watu elfu tatu kwa siku moja. Alipenda namna wanavyobishana bei, wanavyoapa, wanavyocheka, na aliandika kwamba kwao kwenda sokoni ni furaha kuliko kazi.

Aliandika pia jambo ambalo mwanasheria wa leo angelisimamia: kwamba hata wanaume wa nchi mbili wakiwa vitani, wanawake hupita kwenda sokoni na kurudi bila kuguswa. Soko lilikuwa na amani yake. Hakukuwa na mkataba ulioandikwa wala askari wa kuilinda, na bado ilishika. Wasomi wa sheria za vita huhesabu kuanzia Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864. Kwa wakati uleule watu wa Lualaba walikuwa na kanuni yao ya kumlinda asiyepigana, nayo ilifanya kazi kila siku ya nne.

Julai 15 joto lilikuwa kali, na watu wa gulio walifika kama 1,500, pungufu ya kawaida, kwa kuwa tangu asubuhi bunduki zilikuwa zikilia ng'ambo na vijiji vikiungua. Livingstone alizunguka kidogo, akaona wanaume watatu wameingia na bunduki. Alishangaa. Alitaka kuwakemea, kisha akajiambia labda hawajui desturi, akaanza kuondoka. Mmoja wao alikuwa akigombania bei ya kuku na kumng'ang'ania. Livingstone hakufika hatua nyingi kabla ya risasi mbili kulia katikati ya watu.

Wanawake walitupa mizigo wakakimbilia hori, ambako mitumbwi zaidi ya hamsini ilikuwa imebanana. Hori ni jembamba. Mitumbwi mingi haikuweza kutoka kwa wakati mmoja, na makasia yalisahauliwa kwa hofu. Hapo kundi la pili, lililokuwa limejipanga karibu na hori, likaanza kuwapiga risasi walewale waliokuwa wakihangaika kusukuma mitumbwi. Watu walirukia mtoni. Wengi waliogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, wakipambana na mkondo, na Livingstone alisimama ukingoni akiona mstari mrefu wa vichwa ukipungua, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa utulivu, wengine wakiinua mikono. Mitumbwi iliyotoka ilizama kwa kujaa. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria baadaye kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400.

Hapo Weil anaonekana ameshinda. Ulevi wa nguvu, watu waliogeuzwa shabaha, vyote viko pale. Lakini soma sababu.

Kulikuwa na mtu aitwaye Manilla, mtumwa aliyefanya biashara kwa niaba ya bwana wake, ambaye alikuwa amechanjiana udugu na Kimburu na wakuu wengine wa ng'ambo. Udugu wa damu ndio uliofungua njia ya pembe. Dugumbe bin Habib naye alikuwa amefika Nyangwe na msafara mkubwa, bunduki mia kadhaa na familia yake, akinuia kukaa miaka. Watu wake, na Tagamoio mbele yao, hawakutaka wenyeji wawe ndugu wa mwingine. Moto wa ng'ambo asubuhi ile ulikuwa adhabu kwa waliochanjiana na Manilla. Risasi za sokoni zilikuwa tangazo kwa waliobaki: wageni wakubwa ndio hawa, na urafiki ni nao tu. Livingstone, aliyewajua watu hawa na kula chakula chao, aliona hivyo hivyo, kwamba kiu ya kuogopwa nchi nzima ndiyo iliyosukuma zaidi ya hasira yoyote.

Sasa, mlevi hapangi kundi la pili karibu na hori. Naona insha ya Weil, pamoja na uzuri wake, inaufanya ukatili uonekane kama homa inayowapata watu wote sawasawa. Katika utenzi anaouchambua wapiganaji wamesahau hata kwa nini wanapigana. Nyangwe hakuna aliyesahau. Kulikuwa na frasila za pembe, kulikuwa na deni. Wafanyabiashara wengi wa bara walitoka Unguja na bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi, Taria Topan akiwa mashuhuri kuliko wote, na mkopo ule ulisubiri pembe pwani. Anayekaa juu ya deni hana nafasi ya kulewa. Vijana waliolenga vichwa majini labda walilewa, sina haja ya kubisha. Waliowapa baruti walikuwa macho makavu.

Na Dugumbe? Aliweka watu wake katika mtumbwi mmoja uliotelekezwa, akawaambia waokoe waliokuwa wakizama. Waliokoa watu ishirini na mmoja. Livingstone alipotaka kuwapiga bastola wauaji, ni Dugumbe aliyemzuia, akimwambia asijiingize katika kisasi cha damu. Wapo wanaosoma hapa wakaona moyo wa huruma uliobaki. Yawezekana. Mimi naona mtu ambaye tangazo lake limekwisha kusikika, na sasa anahitaji soko lifunguke tena.

Ndani ya tukio la kuokoa watu wale ishirini na mmoja kuna sentensi moja ya Livingstone ambayo ndiyo chanzo cha sura hii. Mwanamke mmoja majini alikataa kupandishwa mtumbwini. Alidhani wanaomnyooshea mkono wanataka kumfanya mtumwa, akaona heri abahatishe kuogelea.

Kulingana na Weil, mwanamke yule alikuwa amekwisha kuwa kitu tangu risasi ya kwanza. Hana silaha, yuko kwenye maji mapana, nyuma yake bunduki. Na humo, pumzi zikimwishia, anawatazama watu walio juu ya mtumbwi, anawatambua ni wa nani, anakumbuka wanachofanya na watu waliowashika, anapima, anakataa. Katika asubuhi nzima ile sioni aliyekuwa na akili tulivu kuliko yeye. Mzungu aliyekuwa ukingoni, aliyeona bunduki tatu sokoni na kudhani ni kutojua desturi, alizisoma dalili vibaya zaidi. Livingstone hasemi ni nini kilimpata mwanamke huyo baadaye, wala jina lake, na katika shajara yake hakuna jina hata moja la waliozama siku ile. Wenye bunduki, ndio, tunawajua kwa majina.

Tuna methali yetu inayofanya kazi ileile ya insha ya Weil: wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Tunaipenda. Kila vita vikitokea Kongo, mtangazaji wa redio huitoa mfukoni, na msikilizaji hutikisa kichwa kwa huzuni. Lakini nyasi hazioni tembo anakuja. Nyasi hazijui tembo yupi ana deni wapi. Methali inawahurumia wanyonge na papo hapo inawanyang'anya macho.

Watu wa Lualaba walikuwa na macho. Chukua Wagenya, wavuvi, mafundi wa vyungu na mabingwa wa mitumbwi, ambao walimnyima Livingstone mtumbwi kwa miezi. Shajara yake inalalamika kwamba wafanyabiashara walimsingizia: waliwaambia Wagenya kuwa Mwingereza huyu hataki pembe wala watumwa, anataka kuua tu. Huenda kweli walimsingizia. Hata hivyo, waweke Wagenya mezani kama watu wenye hesabu zao. Mto ndio uliokuwa ngome ya ng'ambo. Kila mgeni aliyevushwa, watu wenye bunduki walivuka nyuma yake. Huyu anakula na Dugumbe, anazungumza na Dugumbe, anamwomba Dugumbe watu. Kwa nini wamwamini ni tofauti? Asubuhi ya Julai 15 bunduki zilizowachoma watu wa Kimburu zilikuwa zimekwisha kuvuka. Wagenya hawakuhitaji kusingiziwa na mtu ili wajue mtumbwi una thamani gani.

Livingstone aliondoka Nyangwe Julai 20, akarudi nyuma hadi Ujiji, ambako mwandishi wa habari Stanley alimkuta. Maneno aliyoyabeba yalikuwa kwenye karatasi za ajabu. Daftari zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo aliandika juu ya kurasa za gazeti la London, The Standard, toleo la Novemba 1869, kwa wino wa matunda ya porini, akikatiza mistari iliyochapwa. Wino ule ulififia hata hausomeki. Mwaka 2011 watafiti walioupiga picha kwa mwanga wa rangi nyingi waliweza kuusoma upya, wakakuta kwamba maandishi ya siku zile yanatofautiana sana na kitabu kilichotolewa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Katika karatasi za gazeti Livingstone anawalaumu vikali zaidi watu wa msafara wake mwenyewe, na watafiti waliuliza kama baadhi yao nao walikuwa na mkono katika ghasia za Nyangwe. Kisha, alipokuwa akinakili, alilegeza. Aliyeshuhudia ukatili akauandika naye ana watu wake wa kuwalinda. Weil aliyesikiliza wenzake mezani Hispania angelielewa hilo bila kufafanuliwa.

Barua kuhusu Nyangwe ilifika London kwa mkono wa Stanley mwaka 1872 na iliwatikisa Waingereza. Haikuwa sababu pekee, lakini iliongeza shinikizo lililompeleka mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, Unguja, na Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Kanisa la Mkunazini lilijengwa palipokuwa na soko hilo. Hadi hapo ni habari njema, na mtu angependa kufunga kitabu.

Kisa hakikukaa London. Leopold, mfalme wa Ubelgiji, aliita mkutano wa wanajiografia Brussels mwaka 1876, na mateso ya watumwa yalikuwa sehemu ya wimbo wake tangu siku ya kwanza. Mwaka 1885 akapata nchi nzima, Dola Huru ya Kongo. Mwaka 1887, kwa kuwa hakuwa bado na jeshi la kutosha, akamfanya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, liwali wake wa Stanley Falls, jambo ambalo wapinga utumwa walilimeza kwa shida. Miaka mitano baadaye alikuwa na jeshi.

Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa Maniema vimeandikwa mara nyingi kama vita vya kuwakomboa watumwa. Jeshi la Dola Huru, chini ya Francis Dhanis, lilikuwa na Wazungu wachache. Uzito wake ulikuwa askari Waafrika, na zaidi ya hao, maelfu ya watu wa Ngongo Lutete, ambaye mpaka jana yake alikuwa akivamia vijiji na kukamata watumwa kwa niaba ya Tippu Tip na mwanawe Sefu. Alibadilisha upande. Mwinyi Mohara, mkubwa wa Nyangwe, ambaye wanahistoria wengi wanamtambua kuwa ndiye Tagamoio yule wa mwaka 1871, aliuawa vitani Januari 1893. Jeshi likafika ukingo wa kushoto, likaitazama Nyangwe juu ya maji bila njia ya kuifikia. Mto bado ulikuwa ngome, safari hii ngome ya waliowapiga risasi watu wa gulio.

Wagenya ndio waliowavusha. Machi 4, 1893, mitumbwi yao ilibeba jeshi la Dhanis hadi ng'ambo na mji ukaangukia mikononi mwake karibu bila kupigana. Sitaki kudai kwamba walilipa kisasi cha miaka ishirini na miwili. Inatosha kusema kwamba waliokuwa na mitumbwi walichagua lini waitoe na lini waifiche, na kwamba majeshi yote mawili, lenye bendera nyekundu na lenye nyota ya njano, yalilazimika kungoja uamuzi wao.

Kilichofuata hakikuwa ukombozi. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi hilo, alieleza mauaji ya mitaani yaliyotokea siku chache baada ya mji kusalimu amri, kwa madai kwamba wenyeji walikuwa wakipanga kuasi, na jinsi mji mkubwa ulivyoteketea hata ikabaki ngome ya nyumba moja. Kasongo ilianguka Aprili 22. Ngongo Lutete alishtakiwa na maofisa wa dola aliyoipigania na kuuawa kwa risasi Septemba mwaka huohuo, na mwaka 1895 askari waliotoka kwake wakaasi Luluabourg. Juu ya hili sina ubishi na Weil hata kidogo: aliyeitumia nguvu Nyangwe mwaka 1871 aliangushwa nayo, aliyemwangusha akaitumia kupita kiasi, na mshirika wake akasagwa katikati.

Msomaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, hujisikia vizuri zaidi sura inapofika kwa Leopold. Mpira, mikono iliyokatwa, mfalme mwenye ndevu ndefu: hapo mbaya ni mtu wa mbali. Nyangwe haitupi raha hiyo. Waliopiga risasi sokoni walikuja kwa njia ya Tabora na Ujiji, na amri zao zilitolewa kwa lugha ninayoandikia. Kutoka kwao Maniema ilipata mpunga, ambao Kasongo bado inaulima kwa fahari, ilipata Uislamu, ilipata Kingwana, ambacho leo ni Kiswahili cha nyumbani kwa watu wengi. Haya yote ni mali halali ya watu wa Maniema sasa, wala sioni sababu ya kuyaonea haya. Ninachokataa ni kuyatumia kama malipo ya watu 330 hadi 400.

Tippu Tip mwenyewe ametuachia tawasifu yake kwa Kiswahili, mojawapo ya vitabu vya kwanza vya namna hiyo katika lugha yetu. Hakuwapo Nyangwe siku ile ya Julai. Alifika mwaka 1874. Kitabu chake ni kitamu. Anasimulia, bila aibu na kwa ucheshi, alivyojifanya mjukuu wa familia ya utawala wa Utetela kwa hadithi ya bibi aliyetekwa zamani, mpaka mzee wa nchi akamkabidhi enzi. Kuna vita karibu kila kurasa chache, na baada ya vita kuna frasila. Mtu anayetaka kujua ukatili unavyosikika ukiwa umetulia, umekwisha kuingizwa katika hesabu, asiende mbali. Humo hamna mlevi.

Soko la Nyangwe lilirudi. Siku chache baada ya mauaji walikuja watu wachache tu. Verney Lovett Cameron alipopita mwaka 1874 alikuta gulio limejaa tena, na watu wa ng'ambo wakivuka kwa mitumbwi. Stanley alipopita mwaka 1876 aliandika orodha ndefu ya vitu alivyoviona vikiuzwa. Mtu wa haraka atasema walisahau. Lakini watu wa mto na watu wa mashamba walihitajiana, samaki kwa muhogo, kila siku ya nne, na hitaji hilo halikuondoka na risasi. Walirudi wakijua waliyoyajua.

Miaka mia moja na ishirini na kitu baadaye nchi hiyohiyo iligawanywa upya. Waasi wa RCD waliitwaa Kindu Oktoba 1998, na hadi mwaka 2003 walishika Kasongo na miji mingine huku wanamgambo wa Mai-Mai wakishika misitu na njia. Mjini kulikuwa na jeshi moja, shambani jingine, na chakula kilikuwa shambani. Wanawake walipita katikati na vikapu vyao. Amani ya soko ambayo Livingstone aliiandika haikuwapo tena; njia ya sokoni ndiyo iliyokuwa mahali pa hatari kuliko pengine pote. Kila upande ulimwadhibu aliyetoka upande wa pili kwa kosa lilelile la watu wa Kimburu: kuwa na urafiki na mwingine.

Umoja wa Mataifa ulitoa Oktoba 2010 ripoti inayojulikana Kongo kwa jina la Mapping, juu ya matukio 617 ya ukatili nchini kote kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Maniema imo. Waliotoa habari ni mashahidi zaidi ya 1,280, wengi wao raia wa kawaida. Iweke kando ya Nyangwe, ambako hata idadi ya maiti ilikadiriwa na waliowaua.

Katika ushahidi wa miaka ile, na si Maniema tu bali mashariki yote ya Kongo, hesabu moja inajirudia. Familia imekaa usiku, chumvi imekwisha, nani aende kesho. Mwanamume akikutwa njiani atauawa. Mwanamke akikutwa atabakwa, na yawezekana atarudi. Basi anakwenda mwanamke. Weil angesema hesabu hiyo yenyewe imeandikwa na nguvu, na kwamba anayeifanya amekwisha kunyang'anywa karibu kila kitu. Angekuwa na haki ya kusema hivyo. Nami ningemjibu kwamba waliokaa usiku ule walijua walinzi wa kizuizi hubadilishana saa ngapi, kamanda yupi ni wa kabila gani, njia ipi ina maji, dada yupi asipelekwe kabisa, na kwamba kwa ujuzi huo Kasongo ilikula.